Maktaba ni Mlango Ulio Wazi



Nawasalimu nyote, wenye kuamkiana kwa Kamwene na wenye kuamkiana kwa Ugonile. Ninyi wa Mufindi na Makete mlioukaribia moto kwa ajili ya baridi, ninyi wa Mbozi mliotoka katika kahawa, na ninyi wa Rungwe mliotoka katika migomba na chai. Nanyi wanafunzi mtakaoyasoma maneno haya baada ya kupigwa chapa, nawasalimu pia. Leo nimepewa nafasi ya kusema nanyi juu ya maktaba, yaani nyumba ya vitabu iliyowekwa kwa faida ya watu wote. Lakini kabla ya kuisifu nyumba hiyo yanipasa niungame kosa langu mwenyewe, maana mtu asemaye juu ya vitabu bila kusema alivyovitendea ni kama mganga afichaye kidonda chake.

Nilipoanza kazi ya ualimu nilipelekwa katika shule moja ya kijijini. Shule ile ilikuwa imepewa zawadi ya vitabu 62. Vilikuwamo vitabu vya hadithi, vya kilimo, vya afya, vya hesabu, na kimoja kikubwa chenye picha za nyota na sayari. Nami nilikabidhiwa ufunguo wa kabati. Nilivipenda vitabu vile kupita kiasi. Nilipotazama mikono ya watoto iliyotoka kuchimba viazi na kuchanja kuni, niliogopa. Nikajisemea moyoni, Watavichafua, watavichana, na mkaguzi akija nitasema nini? Basi nikalifunga kabati, na ufunguo nikautia mfukoni.

Alikuwapo msichana mmoja wa darasa la saba, mwenye akili na mwenye kuuliza sana. Kila Ijumaa alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Kabati litafunguliwa lini?" Nami nilimjibu, "Marahaba, mwanangu. Litafunguliwa mtakapojua kuvitunza vitabu." Mwaka ukaisha, naye akamaliza shule, akaenda zake. Mvua za masika zilipokuja, siku moja nilifungua kabati nitoe chaki. Nikashika kitabu cha kwanza, kikavunjika mkononi kama mkate mkavu. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, wakajenga njia yao ya udongo nyuma ya kabati, wakala tangu rafu ya chini hata ya juu. Katika vitabu 62 vilisalia 9. Hata mtoto mmoja hakuwa amevichafua. Nilikuwa nimevilinda dhidi ya wasomaji, nikavitunzia mchwa.

Wasikilizaji wangu, tangu siku ile nimeelewa kwamba ghala ya vitabu na maktaba ni vitu viwili mbalimbali. Ghala huhesabu vilivyomo ndani. Maktaba huhesabu vilivyotoka na kurudi. Bwana mmoja wa Bara Hindi aitwaye Ranganathan, aliyekuwa mtunza vitabu katika mji wa Madras, aliandika mwaka 1931 kanuni tano za kazi ya maktaba, na ya kwanza yasema kwamba vitabu vipo ili vitumiwe. Laiti ningaliijua kanuni hiyo mapema!

Sasa natutazame jinsi nyumba hizi zilivyokuja katika nchi yetu. Zamani sana babu zetu walikuwa na maktaba zisizo na karatasi. Mzee aliyejua nasaba za ukoo, bibi aliyejua hadithi na dawa za majani, mtani aliyejua mambo ya kale, hao wote walikuwa vitabu vyenye miguu. Hata leo mjini Iringa, juu ya kilima, lipo jiwe kubwa liitwalo Gangilonga, na maana ya jina hilo ni jiwe lisemalo. Watu waliamini ya kwamba lina maneno. Lakini kitabu chenye miguu hufa, na kikifa hakiazimwi tena.

Baadaye zilikuja misheni pamoja na shule zake. Wamoravia walianza kazi Rungwe mwaka 1891, na katika misheni nyingi ilikuwapo rafu ya vitabu vya dini na vya kusomea. Mwaka 1948 likaundwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, makao yake Nairobi. Shirika hilo lilichapisha vitabu kwa lugha zetu, tena lilipeleka masanduku ya vitabu mashuleni na vijijini, na kuwaazima watu vitabu kwa njia ya posta. Fikirini jambo hilo: mtu akae mbali na mji, apokee kitabu kama apokeavyo barua ya ndugu yake, akisome, akirudishe, apelekewe kingine.

Walakini si milango yote ya siku zile iliyokuwa wazi. Mjini Nairobi ilijengwa maktaba nzuri ya mawe, yenye nguzo kubwa na simba wawili mbele yake, nayo ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ukumbusho wa Bwana McMillan. Lakini kwa miaka mingi walioruhusiwa kusoma mle ni Wazungu tu. Mwafrika aliweza kufagia ngazi zake, asiweze kuketi mezani mwake. Nasema haya ili tujue thamani ya neno moja dogo, nalo ni "wote." Mwaka 1949 Shirika la UNESCO lilitoa tamko kwamba maktaba ya umma ni ya watu wote, bila kubaguana kwa rangi, dini wala cheo. Tamko hilo limefanywa upya zaidi ya mara moja, na mara ya karibuni ni mwaka 2022. Lakini neno "wote" halikuondolewa.

Tanganyika ilipokwisha kujitawala, sheria ya kuanzisha huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam, na mwaka 1975 sheria nyingine iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba ya Tanzania. Maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi hiyo, na katika Nyanda zetu za Juu Kusini, Iringa inayo na Mbeya inayo. Basi hatuna haja ya kusafiri mpaka pwani.

Labda mmoja wenu atauliza, "Mwalimu, nikifika pale mlangoni nitafanya nini? Mimi ni mkulima, si mwanachuo." Swali hilo ni jema. Ingia, msalimu mkutubi, yaani mtunza vitabu, kisha mweleze haja yako kwa maneno yako mwenyewe. Usione haya. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kazi ya mkutubi ndiyo hiyo ya kuulizwa. Naye amefundishwa kazi hiyo, na Bagamoyo kipo chuo chake. Ukitaka kuchukua kitabu nyumbani utajiandikisha na kulipa ada iliyowekwa, ukafuate sheria za kuazima.

Utaona vitabu vimesimama rafuni, na mgongoni mwa kila kimoja imebandikwa tarakimu. Tarakimu hizo si bei yake. Ni utaratibu uliotungwa na Mmarekani aitwaye Melvil Dewey mwaka 1876, naye aligawa elimu yote mafungu kumi. Vitabu vya dini hukaa katika 200, vya lugha katika 400, vya hadithi na mashairi katika 800, vya historia na jiografia katika 900. Ukitaka utabibu tafuta 610. Ukitaka kilimo tafuta 630. Na mfuga nyuki atavikuta vitabu vyake katika 638. Mtu aliyekwisha kuzijua tarakimu hizo chache anaweza kuingia maktaba ya Iringa, au ya Mbeya, au nyingine nyingi duniani zenye kufuata utaratibu huo, akatembea kama mtu aliye kwao.

Sasa nitatoa mfano mmoja, ili tusije tukaonekana tunasifu karatasi tu. Katika nchi yetu hii ya baridi viazi mviringo ndiyo chakula, tena ndiyo fedha. Mkulima huona shamba lake ni zuri, lakini katikati ya jua la mchana mashina machache hulegea kama yamekosa maji, hali ardhi ina unyevu. Baada ya siku chache hufa yakiwa bado mabichi. Mkulima asiye na habari husema ni kijicho cha jirani, na ugomvi huingia mtaani. Lakini mwenye kusoma atakuta ya kuwa ugonjwa huo una jina, nao ni mnyauko uletwao na bakteria, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Atakuta na njia ya kuupima: kata kipande cha shina lililonyauka, kitie katika bilauri ya maji safi bila kukitikisa, ikiwa ni ugonjwa huo, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka mahali ulipokata. Kiazi nacho ukikikata utaona duara la rangi ya udongo, na ukikikamua hutoa ute mweupe.

Kisha atasoma ya kwamba shamba lililokwisha kuambukizwa halina dawa ya kunyunyiza itakayoliponya. Dawa ni akili: kupanda mbegu safi, kung'oa mashina yaliyougua na kuyatoa shambani, kusafisha jembe, na kubadilisha mazao, mfano mahindi au ngano kwa misimu kadhaa. Asipande mahali pale nyanya, bilinganya, pilipili wala tumbaku, kwa maana mimea hiyo ni ndugu wa kiazi na hushikwa na ugonjwa ule ule. Tazameni, wapenzi! Kurasa chache zaweza kuokoa shamba, na zaidi ya shamba, zaweza kuokoa ujirani. Jirani aliyeshitakiwa uchawi kwa sababu ya mnyauko, ni nani atakayemrudishia jina lake?

Maktaba ina mambo mengine pia. Yapo magazeti, ili mtu asiye na fedha za kununua kila siku ajue habari za nchi yake. Zipo sheria, ili mjane ajue haki yake ya urithi kabla hajaambiwa na wenye tamaa kwamba hana. Upo mkusanyiko wa mambo yetu wenyewe. Kijana wa Kihehe amesikia habari za Mkwawa, jinsi Wahehe walivyowashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, jinsi ngome ya Kalenga ilivyoanguka mwaka 1894, na jinsi alivyojiua mwaka 1898 asishikwe akiwa hai. Bwana Michael Musso aliandika kitabu kiitwacho Mukwava na Kabila Lake, kikatolewa mwaka 1968. Kijana akiulizia kitabu kama hicho na kukilinganisha na maneno ya babu yake, atajifunza historia na tena atajifunza kupima ushahidi. Kazi hiyo ya kupima ushahidi ni kubwa kuliko kukariri tarehe.

Nao watoto wana mahali pao. Mtoto asiyejua bado kusoma hutazama picha. Aliyeanza kusoma husoma neno moja moja kwa kidole. Wakati wa hadithi huketi wote chini wakasomewa, kama tulivyoketi sisi jikoni kwa bibi. Wanafunzi wa sekondari huja kwa ajili ya mitihani, hasa wale ambao nyumbani kwao taa ni moja na watu ni kumi. Wapo pia waliokwisha kuacha shule, wanaojisomea wenyewe ili wafanye mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Kwa hao kiti kimoja na meza moja penye utulivu ni msaada usiopimika. Na kwa kuwa maktaba ni nyumba ya watu, inafaa pia kwa mikutano: mjadala wa vijana, mashindano ya kusoma kwa sauti, mazungumzo ya mganga wa hospitali na akina mama, au mashairi katika siku ya Kiswahili, ambayo UNESCO iliiweka tarehe 7 Julai.

Najua yupo kijana anayecheka kimoyomoyo, akisema, "Mwalimu, mimi ninayo simu yenye intaneti. Vitabu vya nini?" Mwanangu, simu ni kitu chema, wala sikuambii uitupe. Lakini simu ni kama soko la siku ya mnada: kila mtu hupaza sauti, mwenye dawa ya kweli na mwenye unga wa mwarobaini aliouita dawa. Kwenye maktaba yupo mtu aliyechagua, tena kitabu kina jina la aliyekiandika na mwaka kilipotolewa, uweze kumwuliza yeye akikudanganya. Jifunze kupima maneno maktabani, kisha hata simu itakufaa zaidi.

Sasa nafika penye jambo linalonitia huzuni. Hesabu ya mwaka 1967 ilionyesha ya kwamba katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, wapatao 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Nchi ilifanya kazi kubwa. Wazee na akina mama walijifunza herufi chini ya miembe, katika makanisa na misikiti, na maktaba ndogo zikawekwa vijijini kwa ajili yao. Kufika mwaka 1986 ilisemwa kwamba wasiojua hawafiki 10 katika kila 100. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2012 iliwakuta zaidi ya 20 katika kila 100 hawajui. Sababu zake ni nyingi, sizisemi zote. Moja naijua, kwa kuwa nimeiona kwa macho. Kujua kusoma ni kama njia ya porini: isipopitwa huota majani. Mtoto amaliza shule, arudi nyumbani pasipo na kitabu hata kimoja, mwaka wa kwanza asoma karatasi iliyofungia sukari, mwaka wa tatu asoma kwa shida, mwaka wa kumi aja kwa mwalimu na barua mkononi, akisema, "Nisomee, macho yangu mabovu." Wala macho yake si mabovu.

Basi watu wa vijiji vya mbali na Mbeya na Iringa mjini wafanye nini? Wasingoje jengo la mawe. Waanze na rafu moja. Haba na haba hujaza kibaba. Nitataja mambo matano yaliyonifaa mimi baada ya aibu yangu.

Kwanza, rafu isiguse ukuta wala sakafu. Isimamishwe juu ya miguu minne, na kila mguu uwekwe ndani ya kopo lenye oili chafu, mchwa wasipande. Kila juma vitabu vitolewe, vipanguswe vumbi, na nyuma ya rafu patazamwe.

Pili, liwepo daftari. Jina la msomaji, jina la kitabu, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tatu, ufunguo usikae kwa mtu mmoja. Wawepo watunzaji wawili, na mmoja wao awe mama, kwa kuwa akina mama watakuja kwa urahisi penye mwenzao.

Nne, siku ya kufungua ijulikane na isibadilishwe, hata mvua inyeshe. Siku ya gulio ni njema, maana watu wanashuka kutoka milimani.

Tano, msomaji anawe mikono, na hilo latosha. Doa la ugali katika kitabu kilichosomwa si aibu. Aibu ni kitabu kisafi kilichokufa bila kufunguliwa.

Nanyi wenye kuazima, nina neno kwenu. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Mtu huchukua kitabu kwa furaha, na siku ya kukirudisha huwa mgonjwa, huwa safarini, huwa hajui kimewekwa wapi. Kumbuka kwamba kitabu ulichokificha chini ya godoro si mali uliyoipata. Ni mlango ulioufunga mbele ya mtu usiyemjua, naye amesimama nje anangoja.

Nitamaliza kwa habari fupi. Miaka mingi baada ya mambo yale, nilikuwa sokoni. Mama mmoja, mwenye mtoto mgongoni na kapu la viazi mbele yake, alinitazama, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu." Nikasema, "Marahaba, mwanangu." Sikumtambua mara moja. Akatabasamu, akauliza bila uchungu wo wote, kama mtu aulizaye habari za jamaa, "Mwalimu, lile kabati lilifunguliwa?"

Nilinyamaza kwa muda. Kisha nikamwambia kweli yote, mchwa na vitabu 9. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama kile chenye picha za nyota kilisalia. Nikamwambia hakikusalia. Akapima viazi vyangu, akaongeza viwili juu, kama desturi.

Juma lililofuata nilimpelekea karatasi yenye maneno machache: mahali ilipo maktaba ya mkoa, na tarakimu 520, penye vitabu vya nyota. Sijui kama amekwenda. Lakini najua ya kuwa akifika atakuta mlango u wazi, wala hataulizwa amemaliza darasa la ngapi. Nanyi wasikilizaji wangu, kama nyumbani mwenu lipo kabati lililofungwa, au kitabu cha watu chini ya godoro, kifungueni, kirudisheni, msikingoje masika.